Tuzo ya tasnifu na ng'ombe wa Mkula

Kama umewahi kuhudhuria kongamano la wanafunzi wa uzamili na uzamivu, utaratibu unaujua. Mabango yamebandikwa ukutani, kila mtu anapewa dakika chache ajieleze, majaji wanapita na karatasi zao. Jioni jina linasomwa, makofi yanapigwa, mshindi anapewa cheti na picha inapigwa. Mwaka 2022 hata serikali yetu ilitangaza fedha za kuwatuza watafiti wa vyuo vikuu watakaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Ni jambo jema. Utafiti ni kazi ngumu, na anayeufanya anastahili kupongezwa.

Leo lakini tutoke ukumbini kidogo, twende Mkula, wilayani Busega, mkoa wa Simiyu. Upande mmoja kuna Ziwa Victoria, upande wa pili Hifadhi ya Serengeti, na katikati watu wanalima pamba na kufuga ng'ombe. Huko ukanda wa mpakani ndiko ilikoanzia hadithi ya moja kati ya tasnifu zenye matokeo makubwa kuwahi kufanywa nchini kwetu.

Miaka ya 1960 wanasayansi wa Serengeti walikuwa na kitendawili. Nyumbu waliohesabiwa mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Kila hesabu iliyofuata ikawa juu zaidi, na kufikia mwaka 1977 walikuwa wamevuka milioni 1.2. Nyati nao waliongezeka. Kwa nini?

Kijana aliyezaliwa Zambia na kukulia Tanganyika, Anthony Sinclair, alifika Serengeti mwaka 1965 akiwa bado mwanafunzi wa Oxford. Baadaye akachagua nyati kuwa somo la shahada yake ya uzamivu. Alihesabu makundi, akapima majani, akachunguza ndama wanakufa lini na kwa sababu gani.

Unaweza kusema labda mvua iliongezeka, majani yakawa mengi. Kweli, mvua za kiangazi za mwanzoni mwa miaka ya 1970 ziliwasaidia sana nyumbu. Lakini tazama pundamilia. Anakula majani yale yale, anapita njia zile zile, analiwa na simba wale wale, na bado idadi yake ilibaki karibu pale pale, kama 200,000. Kwa hiyo kuna kitu kilichowagusa nyumbu na nyati kikamwacha pundamilia. Kitu hicho ni sotoka.

Sotoka ni ugonjwa wa virusi unaoshika wanyama wenye kwato mbili: ng'ombe, nyati, nyumbu. Pundamilia ana kwato moja, haumpati. Uliingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890 ukitokea pembe ya Afrika, ukaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe. Jamii nzima za wafugaji zilifilisika na njaa ikafuata. Baada ya hapo sotoka haikuondoka. Iliendelea kurudi na kuua ndama wa nyumbu na nyati kabla hawajatimiza mwaka.

Ushahidi ulikuwa kwenye damu. Mwaka 1967 Plowright na McCulloch walichapisha matokeo ya vipimo vya wanyamapori wa kaskazini mwa Tanganyika na kusini mwa Kenya. Kingamwili za sotoka, yaani alama kwamba mnyama aliwahi kuambukizwa, zilikuwa zinatoweka kwa nyumbu wadogo. Waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hivi hawakuwa nazo. Ugonjwa ulikuwa umekatika.

Umekatikaje? Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Hakuna aliyepita porini akiwachanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti. Ng'ombe walipokingwa, virusi vikakosa makao, na wanyama wa porini wakapona bila kuguswa na sindano. Yaani kwa miaka mingi tulidhani pori ndilo linaloambukiza mifugo, kumbe bila ng'ombe wagonjwa, sotoka haikuweza kudumu porini.

Kwa lugha ya maabara, hilo lilikuwa jaribio kubwa kuliko ambalo mwanafunzi yeyote angeweza kulipanga. Na waliolitekeleza ni wafugaji waliokubali kuswaga ng'ombe wao hadi kwenye chanjo, pamoja na maofisa mifugo waliozunguka nao juani. Matunda yake hayakuishia kwenye nyumbu. Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake, Sinclair akiwemo, walionyesha kwamba nyumbu wengi walikula majani mengi, moto wa kiangazi ukapungua, na miti ikaongezeka Serengeti. Ng'ombe alichanjwa kijijini, miti ikaota porini.

Tuzo zilikuja. Walter Plowright, aliyetengeneza chanjo ya sotoka pale Muguga, Kenya, kutokana na kirusi kilichotoka kwa ng'ombe wa Kabete, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Aliistahili kabisa. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili kufutika duniani baada ya ndui. Sinclair naye akawa mmoja wa wanaikolojia wanaoheshimika sana.

Mfugaji wa mpakani je? Leo neno Serengeti likitajwa, mara nyingi linamletea picha ya tembo shambani au ng'ombe aliyekamatwa ndani ya hifadhi. Anaambiwa mara kwa mara kwamba mifugo yake ni tishio kwa wanyamapori. Ni nadra kuambiwa kwamba msafara wa nyumbu ambao watalii hupanda ndege kuja kuuona ulikua hivyo kwa sababu ng'ombe kama wake walichanjwa. Haya ni matokeo ya utafiti, yamechapishwa, lakini hayajarudi nyumbani.

Ndiyo maana nina ombi kwa majaji wa makongamano yetu. Pamoja na kuuliza mbinu na takwimu, mwulizeni mwanafunzi swali moja zaidi: nani alikuwezesha kupata data hizi, na umemrudishia nini? Na wewe unayeandaa bango sasa hivi, usingoje kuulizwa. Weka mstari mmoja wa kuwataja. Ukimaliza, chapisha ukurasa mmoja wa Kiswahili, panda basi, urudi kijijini ukausome mbele ya mkutano. Pengine hutapigwa picha, lakini jiandae kwa maswali. Wenyeji wanayo mengi, na huenda moja kati ya hayo likawa tasnifu yako inayofuata.