Chimbuko la Ideali za Mpangilio

Mwanafunzi wa nafasi za vekta zenye mpangilio hukutana mapema na ideali. Jina hilo ni la Richard Dedekind, aliyelitumia mwaka 1871 ili namba za aina mpya alizozichunguza ziweze tena kugawanyika katika vigawo tasa kwa njia moja tu. Kwa hiyo wengi huona kwamba dhana yenyewe nayo ni mtoto wa aljebra. Naamini nasaba hiyo imekosewa. Ideali ya mpangilio ilikulia kwa watu waliokuwa wakihangaika na intigrali na vipimo, na aljebra iliipokea ikiwa imekwisha kukomaa.

Tuanze na kitu chenyewe. Seti huitwa yabisi ikiwa, kila inapopokea kitu fulani, inalazimika kupokea pia vyote visivyokizidi kwa ukubwa, iwe ni upande wa chanya au wa hasi. Ideali ni nafasi ndogo ya vekta iliyo yabisi. Chukua fanksheni zisizokatika kati ya 0 na 1. Zile zinazofikia sifuri kwenye 0 ni ideali, kwa sababu kilichobanwa chini ya fanksheni inayoshuka hadi sifuri hakina budi kushuka nayo. Lakini fanksheni ambazo grafu zake ni mistari iliyonyooka, ingawa ni nafasi ndogo halali, si ideali: 1 imo humo, ilhali mraba wa x, usiozidi 1 popote, haumo. Katika hesabu hii yote hakuna mahali tulipozidisha fanksheni kwa fanksheni. Tumelinganisha ukubwa, basi.

Kulinganisha huko kuna historia inayofuatika. Mwaka 1881 Camille Jordan alionyesha kwamba fanksheni ambayo jumla ya kupanda na kushuka kwake ina kikomo ni tofauti ya fanksheni mbili zisizoshuka kamwe. Mwaka 1909 Frigyes Riesz, Mhungari, alithibitisha kwamba kila kanuni ya mstari yenye mipaka inayozipa fanksheni zisizokatika namba huandikika kama intigrali ya Stieltjes, na intigrali hiyo hutegemea fanksheni za aina ileile ya Jordan. Hivyo, alipohutubia kongamano la kimataifa la wanahisabati mjini Bologna mwaka 1928, Riesz aliweza kuuliza swali la Jordan kwa upana zaidi: kanuni hizo nazo zagawanyikaje katika sehemu chanya na sehemu hasi? Jibu halikuhitaji zaidi ya mpangilio wenyewe. Hans Freudenthal huko Uholanzi aliiendeleza kazi hiyo mwaka 1936, na Leonid Kantorovich wa Leningrad, ambaye baadaye alipata Nobel ya uchumi ya mwaka 1975, alianza na sharti kwamba kila seti yenye mpaka wa juu iwe na mpaka wa juu ulio mdogo kuliko mingine yote. Chini ya sharti hilo, ideali inayobaki na mipaka midogo ya namna hiyo huigawa nafasi nzima katika sehemu mbili: yenyewe, na vyote visivyogusana nayo. Mgawanyo wa Lebesgue unatoka humo moja kwa moja. Vipimo vinavyotoa sifuri kila mahali kipimo fulani kinapotoa sifuri ni ideali ya namna hiyo, na vile vilivyo vigeni kabisa kwake ndivyo upande wa pili. Nionavyo, huu ndio ushahidi mzito kuliko wote: tatizo lililodai ideali lilikuwa la vipimo, na lilikuwapo kabla ya jina hilo kuletwa kwenye nafasi hizi.

Yupo atakayepinga kwa kutaja fanksheni zisizokatika juu ya nafasi iliyoshikamana, ambako ideali zilizofungwa za aljebra na zile za mpangilio ni zilezile, na kila moja hutokana na seti ya pointi ambapo fanksheni zote huwa sifuri. Pingamizi hili ni la haki, na kazi za Marshall Stone na Shizuo Kakutani zilizojenga daraja hilo ni kubwa. Lakini ondoa neno "zilizofungwa" uone. Ideali ya aljebra inayozalishwa na x kati ya 0 na 1 ni mazao yote ya x na fanksheni zisizokatika. Fanksheni x sin(1/x), ikipewa sifuri kwenye 0, haizidi x kwa ukubwa popote, lakini haimo, kwa kuwa sin(1/x) hutetemeka bila kutulia inapokaribia 0. Kinyume chake, kwenye mstari mzima wa namba halisi, fanksheni zisizokatika zenye mipaka ni ideali ya mpangilio, ilhali ukizizidisha kwa x zinatoka nje. Kufanana kwa pande mbili kunaletwa na masharti ya ziada.

Hoja ya mwisho inatoka mahali ambapo hata thamani kamili hukosekana. Mwaka 1951 Richard Kadison alithibitisha kwamba kwa opereta zenye mipaka zilizo sawa na viambatani vyake katika nafasi ya Hilbert, mbili huwa na mpaka wa juu ulio mdogo kuliko yote pale tu moja inapoizidi nyingine. Hapo "ukubwa" wa kitu haupatikani kwa njia ya Riesz, yaani kama mpaka wa juu ulio mdogo kuliko yote wa kitu hicho na hasi yake. Karne hii Anke Kalauch na Onno van Gaans wameendelea na ideali katika nafasi za namna hiyo bila kuazima kuzidisha. Badala ya ukubwa wa x na wa y, wao hulinganisha mipaka ya juu: kila kilicho juu ya y na hasi yake kiwe pia juu ya x na hasi yake, na hapo seti yabisi yenye y lazima iwe na x. Mahali ambapo thamani kamili ipo, sharti hili hurudi kuwa lile la ukubwa tulilolianza nalo, bila kuongeza wala kupunguza.