Jeraha Lisilotoka Damu

Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwako askari Mwingereza, jina lake Harry Farr. Mwaka 1915 mishindo ya mizinga ilimdhuru, akalazwa hospitali miezi mitano. Mikono ilimtetemeka hata muuguzi akamwandikia barua zake. Kisha akarudishwa vitani. Septemba 1916, huko Somme, Ufaransa, akasema hawezi tena kustahimili. Alishtakiwa kwa woga, wala barazani hapakuwa na wa kumtetea. Tarehe 18 Oktoba akapigwa risasi alfajiri.

Leo waganga wanajua ya kuwa hofu kuu huupeleka moyo mbio na kuondoa usingizi. Mtu husikia amri, lakini miguu haimtii. Ni jeraha, ijapokuwa halitoki damu. Mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe askari 306 waliouawa kwa woga, utoro na makosa kama hayo, Farr akiwemo. Binti yake alikuwa na miaka 93.

Eliya alipomkimbia Yezebeli, kwanza alipewa usingizi na mkate. Maswali yalikuja baadaye. Je, ndugu, atokaye penye bunduki akitetemeka, sisi tutaanza na lipi?