Kasia la Mvushaji na Kasia la Mwanachuo

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani hivi sasa,

Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia, bila shaka alitarajia habari za mabweni ya zamani na walimu wetu wa kwanza. Nimechagua jambo jingine. Nitaeleza historia ya mchezo ambao shule yetu haikuwahi kuucheza, kwani haina mto wala ziwa, nao ni mashindano ya kupiga makasia. Naomba msomaji awe na subira. Mwishoni ataona kwa nini habari hii inaihusu shule, na hasa inanihusu mimi.

Mwaka 2010 nilipata ruhusa ya masomo kutoka kazini, nikaenda mjini Boston, Marekani, kusomea shahada ya pili. Majira ambayo kwetu ni ya mvua za vuli, kule ni majira ya majani kupukutika na baridi kuanza kuuma. Katika nyumba niliyopanga aliishi pia kijana aliyekuwa mwalimu msaidizi wa timu ya makasia ya wasichana katika chuo kimoja cha jirani. Asubuhi moja ya mwezi Septemba alinichukua kwenye motaboti ya walimu ili nione mazoezi. Tangu siku hiyo niliifuata timu ile hadi msimu wao wa vuli ulipokwisha.

Tulikuwa tukifika Mto Charles saa kumi na moja na nusu alfajiri, kukiwa bado giza. Mashua yao ya watu wanane ina urefu wa mita 17 au zaidi, lakini ni nyembamba kiasi kwamba mtu akiketi ndani yake nyonga hujaa pande zote mbili. Kila mmoja ana kasia moja tu, wanne upande huu na wanne upande ule. Kiti chake kina magurudumu madogo nacho huteleza mbele na nyuma, ili nguvu itoke miguuni kabla ya kufika mikononi. Wote wanane wameyapa mgongo mahali wanakokwenda. Anayeiona njia ni mtu wa tisa tu, mshika usukani, ambaye huwa mdogo wa mwili na mwenye sauti kubwa.

Siku ile ya kwanza mwalimu mkuu wa timu aliniuliza kwa upole kama kwetu Tanzania watu hupiga makasia. Nikajibu kwamba sijui. Jibu hilo lilikuwa uongo, nami nitalirudia baadaye.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mashindano ya makasia yalianzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza. Sivyo. Kabla ya madaraja kuwa mengi, watu wa London walivuka Mto Thames kwa mashua za kukodi, na waliozipiga makasia walikuwa wavushaji, watu waliokula kwa jasho lao. Mwaka 1715 mwigizaji mmoja kutoka Ireland aitwaye Thomas Doggett aliwaanzishia vijana waliomaliza kujifunza kazi hiyo mashindano ya kutoka London Bridge hadi Chelsea. Zawadi ilikuwa koti na beji kubwa ya fedha ya kuvaa mkononi. Mashindano hayo yanaendelea hata leo. Oxford na Cambridge walishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1829, yaani zaidi ya miaka mia moja baada ya wavushaji.

Huko Marekani, Harvard na Yale walikutana tarehe 3 Agosti 1852 katika Ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire. Gharama zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria wa kwenda kutazama. Harvard walishinda. Hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mashindano ya kwanza ya michezo baina ya vyuo nchini Marekani, kabla ya mpira wa aina yoyote.

Lakini mchezo ulipokwisha kupendwa na mabwana, wenyewe wa kwanza walifungiwa mlango. Mwaka 1879 waendeshaji wa mashindano ya Henley, yaliyo makubwa kuliko yote Uingereza, waliandika kanuni kwamba mtu yeyote ambaye ni fundi, kibarua, au amewahi kupata ujira kwa kazi ya mikono, hahesabiwi kuwa mchezaji wa ridhaa, na kwa hiyo haruhusiwi kushindana. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi ya mikono humpa mtu nguvu zisizo za haki. Mvushaji aliyezaliwa juu ya maji akawa mtazamaji wa ukingoni.

Mwaka 1920 John B. Kelly wa Philadelphia, aliyeanza maisha kwa kupanga matofali, aliomba kushindana Henley. Akakataliwa. Klabu yake ilikuwa na ugomvi wa zamani na waandalizi, lakini sababu nyingine iliyowekwa kwenye kumbukumbu za kikao ilikuwa kazi yake ya mikono. Mwaka uleule alikwenda Antwerp kwenye Michezo ya Olimpiki, akamshinda Mwingereza Jack Beresford katika mashua ya mtu mmoja. Baada ya nusu saa hivi akaingia tena majini pamoja na binamu yake, Paul Costello, wakashinda mashua ya watu wawili. Mwanawe, mwenye jina lilelile, alikwenda Henley akatwaa kikombe ambacho baba yake alinyimwa nafasi ya kukigombea, mwaka 1947 na tena mwaka 1949. Wakati huo kanuni ile ilikuwa imekwisha kufutwa. Ilifutwa mwaka 1937, baada ya timu ya Australia, ambayo wachezaji wake walikuwa polisi, kukataliwa mwaka 1936 na kuzusha malalamiko makubwa.

Na wanawake je? Nao walisubiri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ilikataza shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kubagua watu kwa jinsia. Hata hivyo, huko Yale wasichana wa makasia waliendelea kukaa ndani ya basi na nguo zilizolowa, katika baridi, wakiwangoja wavulana waoge, kwa kuwa wao hawakujengewa bafu. Tarehe 3 Machi 1976 wasichana 19 waliingia ofisini kwa msimamizi wa michezo, wakavua nguo zao, na miilini mwao ilikuwa imeandikwa jina la sheria ile. Kisha mmoja akasoma tamko lao. Gazeti la New York Times likaiandika habari hiyo, na bafu likapatikana. Mwaka huohuo, mjini Montreal, wanawake walipiga makasia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Katika mashua ya Wamarekani iliyopata nishani ya shaba alikuwamo Anita DeFrantz, mwanamke Mweusi aliyejifunza makasia chuoni. Mwaka 1986 aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Nirudi kwenye timu yetu. Katika majira ya kuchipua, mashua hupangwa sambamba na kukimbizana mita 2,000. Majira ya vuli ni ya kujenga pumzi, na njia yake ni ndefu, yapata kilometa tano. Mto ni mwembamba wenye kona na madaraja, hivyo mashua haziwezi kwenda bega kwa bega. Huondoka moja baada ya nyingine, na mshindi hujulikana kwa saa. Mtindo huu ulianzishwa London mwaka 1926 na Steve Fairbairn, mtu wa Australia, aliyetaka timu zisilale wakati wa baridi. Boston waliupokea mwaka 1965 kwa ushauri wa mwalimu Mwingereza, Ernest Arlett, na wakayaita mashindano yao Head of the Charles. Yameendelea kila Oktoba, isipokuwa mwaka 1996 yalipoahirishwa kabisa kwa sababu ya dhoruba, na mwaka 2020 yalipokosa kufanyika mtoni kwa sababu ya ugonjwa wa Korona.

Siku ya mashindano nilisimama juu ya Weeks Footbridge, daraja la waenda kwa miguu, katikati ya umati. Mahali hapo mto hukata kushoto kwa ghafla, na mashua ndefu haigeuki upesi kama mtumbwi. Mashua huondoka kwa kupishana kama sekunde 15, kwa hiyo mshika usukani akikosea tu, wa nyuma amemfikia. Niliona makasia ya timu mbili yakigongana na kunasana kama pembe za mbuzi. Wasichana wetu walipofika, mshika usukani wao alipaza sauti mapema, upande wa kulia wakaongeza nguvu, upande wa kushoto wakapunguza, mashua ikapita chini ya tao pasipo kugusa kitu. Katika matokeo walikuwa katikati ya orodha. Walifurahi kama washindi.

Usiku ule nilimpigia simu baba yangu, Kilwa. Nikamweleza nilichokiona. Akauliza, "Wanavusha nini?" Nikamwambia hawavushi kitu. Akanyamaza kidogo. "Wanalipwa kiasi gani?" Nikamwambia hawalipwi, bali wenyewe hulipa karo kubwa. Marehemu alicheka hadi akakohoa.

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Maisha yake yote alivusha watu na mizigo kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Upepo ukiwapo alitweka tanga, na ukikatika alipiga makasia. Nauli hiyo ndiyo iliyoninunulia daftari na sare.

Sasa nieleze lile ambalo baadhi yenu mlilishuhudia bila kulijua. Nilipokuwa Kidato cha Pili, baba alikuja shuleni kunitazama. Alisafiri siku mbili na gunia la nazi na samaki wakavu. Alivaa kanzu yake safi, lakini mikono yake haikuweza kufichika. Viganja vyake vilikuwa vimeota sugu ngumu kama kifuu. Mimi nilikuwa nimekwisha waambia wenzangu wa bwenini kwamba baba yangu ni karani wa bandari. Waliponiuliza mzee yule ni nani, nilijibu, "Ametumwa na baba." Alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Alisikia. Hakunisahihisha. Alikabidhi gunia jikoni, akanipa mkono wa kwaheri, akaondoka kuwahi basi.

Wiki moja baada ya mashindano ya Boston, timu ilikwenda Philadelphia kushindana katika Mto Schuylkill, nami nikapewa kiti ndani ya basi. Kando ya mto huo kuna sanamu ya John B. Kelly akiwa ndani ya mashua, makasia mkononi. Mwalimu alipokuwa akiwasimulia wasichana habari za mpanga matofali aliyekataliwa, nilihisi ninasimuliwa mimi, ila si upande wa Kelly. Mimi nilikuwa upande wa walioandika ile kanuni. Nikamwambia mwalimu kwamba siku ya kwanza nilimdanganya, na kwamba baba yangu alipiga makasia kwa ujira miaka zaidi ya 30. Wasichana wakanizunguka kwa maswali: kasia lake lina urefu gani, limechongwa kwa mti gani, mkondo ukiwa mkali hufanyaje? Mengi sikuweza kuyajibu, kwa sababu sikuwahi kumwuliza.

Msimu ulikwisha mapema Novemba huko Princeton, katika Ziwa Carnegie, lililotengenezwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie na kukamilika mwaka 1906 ili wanachuo wapate mahali pa kupigia makasia. Katika chuo hicho ndipo alipojifunza makasia Kathleen Noble, aliyekulia Uganda. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, akawa mpiga makasia wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo. Mwaka huohuo Asiya Sururu wa Mombasa, ambaye treni ilimkata miguu akiwa mtoto mdogo, aliiwakilisha Kenya katika makasia kwenye Paralimpiki. Pwani yetu imeanza kurudi katika mchezo ambao watu wa kazi kama ya baba zetu ndio waliouanzisha.

Vijana wa shule, historia hii ina funzo moja ninaloweza kulisema bila kusitasita. Kanuni ya Henley haikuandikwa na watu wabaya kuliko sisi. Iliandikwa na watu waliosoma katika shule nzuri, waliojifunza kuona haya juu ya mkono uliofanya kazi. Shule yetu haikunifundisha haya hiyo. Nilijifundisha mwenyewe, ndani ya bweni, kwa kuogopa kuchekwa. Baba alifariki kabla sijamwomba radhi. Siku ya wazazi ijayo, akija mzee mwenye viganja vigumu, na mwenzako akakuuliza ni nani huyo, mjibu kweli, tena kwa sauti ambayo mzee mwenyewe ataisikia.