Rangi ya Mwanga katika Picha za Nachingwea na Ruangwa

Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioifikia Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuachwa mwaka 1951, ulipita katika zama za picha nyeusi na nyeupe. Filamu ya aina hiyo hunasa wingi wa mwanga, si rangi yake. Jua la saa sita na kandili vyote huishia kuwa kijivu. Hata picha za kambi ya Nachingwea ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alikoondokea kiongozi wake Samora Machel Mei 1975 kuelekea mji unaoitwa Maputo leo, zilizochapwa katika magazeti ya wapiganaji kwa kawaida zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mwaka huohuo, huko Marekani, Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka, nayo haikuwa na rangi.

Tatizo liliingia na filamu ya rangi. Filamu ya kawaida ilitengenezwa kwa mwanga wa mchana, takriban kelvini 5500, kipimo cha rangi ya mwanga ambacho kikishuka mwanga huelekea rangi ya machungwa. Balbu ya nyuzi hutoa takriban 2800, kandili chini ya 2000, hivyo picha za harusi ya usiku zilitoka na rangi ya machungwa. Mpiga picha aliweza kufunga kichujio cha buluu kwenye lenzi, lakini mara nyingi kazi iliachwa kwa fundi wa kusafisha picha, ambaye hakuwa ameiona nguo ya bibi harusi.

Kamera ya dijitali ilimrudishia mpiga picha uamuzi huo. Kitufe chenye herufi WB (white balance, yaani usawazishaji wa weupe) huongeza au kupunguza nguvu ya nyekundu na buluu hadi kitu cheupe kionekane cheupe. Alama ya balbu huongeza buluu. Alama ya kivuli huongeza umanjano, kwa kuwa kivuli hupokea mwanga wa buluu wa anga.

Mpangilio wa kujiendesha ndio unaotumiwa zaidi, na ndio unaoshindwa katika mazingira ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Udongo mwekundu ukijaa kwenye picha, kamera hudhani wekundu huo ni wa mwanga, ikaupunguza: ardhi hufifia na nyuso hupoteza uhai wake. Chini ya mikorosho, mwanga uliopita kwenye majani una ukijani ambao alama ya kivuli pekee haiuondoi. Kwa sherehe za jando na unyago, ambako rangi za kanga ni sehemu ya kumbukumbu yenyewe, hasara hiyo si ndogo.

Dawa ni kupima kwa mkono: kadi ya kijivu hupigwa picha katika mwanga uleule, kisha kamera huambiwa iifuate. Kanzu nyeupe haifai kwa kipimo hicho, kwani bluu ya kufulia huipa ubuluu wake. Mwanga ukibadilika, kipimo kirudiwe. Asiye na kadi achague alama ya jua akiwa juani, na ahifadhi picha katika faili ghafi (RAW), ambayo rangi yake hurekebishika baadaye bila kuharibu picha.