Paa la Uzeeni: Safari ya Makao ya Wazee Wasio na Kwao

Ukitoka mjini Meru kuelekea Maua, barabara inapanda na kushuka kwenye miteremko ya Nyambene mpaka Kangeta, soko ambalo jina lake limefika mbali kuliko wengi wa wenyeji wake, kwa sababu ndilo pia jina la aina ya miraa inayouzwa Nairobi na Mombasa. Huku Igembe, eneo ilipo Kangeta, kuna mashamba yenye miti ya miraa iliyopandwa na mababu wa mababu. Mzee ambaye magoti yake hayamruhusu tena kupanda huwakodisha vijana mti wake, wao wakachuma, yeye akala kodi. Kwa vizazi vingi, mahali pa kulala uzeeni palikuwa sehemu ya shamba hilohilo. Taabu ilimwandama yule asiye na shamba.

Zamani Wameru walikuwa na nyumba kwa kila umri. Vijana mashujaa walilala kwenye gaaru, nyumba yao ya pamoja. Katika boma kila mke alikuwa na nyumba yake, na mjane aliendelea kukaa humo akizungukwa na ukoo wa mumewe. Ugomvi ukizuka juu ya ardhi au mifugo, ulifikishwa kwa wazee, na ule mkubwa kwa Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Utaratibu huo haukumkinga kila mtu. Mwanamke aliyerudi kwao bila mume, au mtu aliyefukuzwa na ukoo, aliishi kwa huruma ya ndugu. Hata hivyo hakuna aliyezeeka mahali ambapo hajulikani.

Mambo yalivurugika kwa kasi katika miaka ya 1950. Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ikawahamishia watu wa nchi za Wakikuyu, Embu na Meru katika vijiji vilivyolindwa kwa silaha. Maboma yakabomolewa, na vikongwe wakajikuta ndani ya vibanda vya haraka pamoja na majirani wasiowachagua. Mwaka huohuo wa 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, uliotaka vipande vya ardhi viunganishwe na kila shamba liwe na hati yenye jina la mwenyewe. Aghalabu jina hilo lilikuwa la mwanamume mmoja.

Hati ilileta mikopo na ilikomesha baadhi ya kesi. Ilileta pia uwezo wa mtu mmoja kuuza ardhi ambayo mama yake, shangazi yake au nduguye asiyeoa alikuwa anaishi juu yake. Katika sehemu nyingi za Igembe na jirani yake Tigania, kazi ya kupima na kuunganisha mashamba iliendelea kwa miongo mingi baada ya uhuru. Kuna waliozeeka wakisubiri namba ya shamba, na waliokufa kabla haijatoka.

Kwa hiyo wazee wasio na makao ni watu wa namna nyingi. Yupo aliyefanya vibarua mjini miaka arobaini na kurudi akakuta shamba la baba limegawanywa bila yeye. Yupo mjane aliyeambiwa na shemeji zake arudi kwao, na kwao hakuna anayemkumbuka. Wapo waliolala kwenye vibaraza vya maduka mpaka mvua za Oktoba zikawashinda.

Makanisa ndiyo yaliyoanza kuwafungulia wengi wao milango. Kasarani, Nairobi, ipo Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini. Chimbuko la shirika hilo ni kitanda kimoja. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan nchini Ufaransa, Jeanne Jugan alimpokea bibi kipofu aitwaye Anne Chauvin, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Baadaye alitembea na kikapu mlango kwa mlango akiwaombea wazee wake chakula, na masista wake wanaendelea kuomba hivyo mpaka leo. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Nairobi ina pia Mji wa Huruma, makao ya wazee yaliyo chini ya kaunti, na mjini Kikuyu kuna makao ya Thogoto ya kanisa la PCEA.

Pwani sababu ya wazee kukosa makao ni nyingine na inaumiza zaidi. Huko Ganze, Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kimewahifadhi wazee waliokimbia nyumba zao baada ya kusingiziwa uchawi, mara nyingi na jamaa wanaotaka ardhi yao. Zanzibar, serikali ilibeba mapema mzigo wa kuwatunza wazee. Welezo palikuwa na makao ya maskini tangu enzi za ukoloni, yakitunzwa na wamisionari wa Kikatoliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wazee wa Welezo na Sebleni wakawa jukumu la dola. Mwezi Aprili 2016 visiwa hivyo vikaanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi.

Lakini mfano unaoifaa Kangeta zaidi uko jirani tu. Hospitali ya Methodist ya Maua, iliyowahudumia watu wa Nyambene tangu karibu mwaka 1930, iliona wakati wa janga la ukimwi kwamba dawa pekee hazitoshi. Vijana walikufa, na nyanya wakabaki na wajukuu katika vibanda vinavyovuja. Hospitali ikaanza kuwajengea nyumba, na watu waliojitolea kutoka ng'ambo walishika nyundo pamoja na wenyeji. Ni nyumba ndogo za mbao zilizoezekwa kwa mabati, zisizo na fahari yoyote. Thamani yake ni mahali zinaposimama: katika kipande cha familia yenyewe, karibu na kanisa la nyanya na jirani anayemwitia watu akiugua. Na hospitali iliyomjengea ndiyo inayomtibu.

Huko ndiko kumtunza mtu mzima bila kumng'oa. Makao makubwa ya mjini yanaokoa maisha, na wanaoyahudumia wanastahili heshima kubwa. Lakini mzee wa Kangeta anayepelekwa Kasarani, yapata kilomita 250 kutoka kwao, anapata kitanda na kupoteza lugha ya jirani zake. Hata kituo cha serikali cha kuwaokoa wazee kilichoko Kirinyaga, ng'ambo kidogo ya Embu, ni ugenini kwake.

Fedha zipo kidogo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii unawalipa waliofika miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mzee mwenye paa hununua unga na sabuni. Asiye na paa hulipa chumba sokoni, na kinachobaki hakimfikishi mwisho wa mwezi.

Mwaka 2024 ilipitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na wafanyakazi wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kuzijenga. Zinauzwa kwa malipo ya kila mwezi yanayomhitaji mtu mwenye kipato, kwa hiyo bibi anayetegemea shilingi 2,000 hahesabiwi kabisa. Katiba hiyohiyo imeweka nyumba miongoni mwa kazi za kaunti, na katika Kaunti ya Meru wapo machifu wanaojua kwa majina wazee wanaolala nje katika kila lokesheni. Nyumba chache za chumba kimoja kando ya zahanati, zenye mhudumu wa afya ya jamii anayepita kila wiki, zinaweza kuanza kujengwa Igembe kwa kufuata majina hayo.