Barua Zilizookoa Uwanja wa Watu Wote

Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Historia

Sogeeni karibu na redio, na yule mwenye chaki asimame ubaoni. Waliochelewa waingie kimya wakae.

Leo nitaanza na mahali mnapopajua kuliko mimi, yaani ufuko wenu wa Mbaha. Mitumbwi imevutwa juu ya mchanga. Usipa wameanikwa juani. Akina mama wanafua, watoto wanaoga, na jioni, jua likizama upande wa pili wa Ziwa Nyasa, watu hutembea hapo wakipunga upepo na kuzungumza habari zao. Hakuna anayelipa kiingilio. Hakuna askari wa kumwuliza mtu anakwenda wapi. Sasa nawauliza: ufuko huo ni wa nani? Msijibu upesi. Mwenye chaki, andika ubaoni kwa herufi kubwa: UFUKO NI WA NANI?

Swali hili si la mchezo. Barabara ya lami kutoka Mbinga imefika Mbamba Bay. Njia nzuri huleta wageni, na nyuma ya wageni huja watu wenye fedha wanaotafuta mahali pa kujenga hoteli na baa penye kuelekea maji. Si kosa mtu kutaka kujenga hoteli. Kijana wa kijiji anaweza kupata kazi humo. Lakini hoteli ikikaa juu ya mchanga wenyewe, na ukuta wake ukafika majini, mtumbwi utapita wapi? Usipa wataanikwa wapi? Watu wa nchi nyingine walikwisha kupambana na jambo hili. Nitawapa habari za miji miwili. Mji wa kwanza nitaupitia upesi, kisha tutakaa kwa muda mrefu zaidi katika mji wa pili.

Mji wa kwanza ni Chicago, katika nchi ya Marekani. Nimeuchagua kwa sababu nao uko kando ya ziwa kubwa, Ziwa Michigan. Mwaka 1836, Chicago ikiwa bado mji mdogo wenye matope, makamishna waliosimamia kazi ya kuchimba mfereji walipima viwanja ili waviuze. Katika ramani yao, juu ya kipande cha ardhi kilicho kando ya maji, waliandika kwamba mahali hapo ni pa watu wote, na pabaki wazi daima bila majengo. Maneno hayo hayakuzidi mstari mmoja au miwili.

Mji ulikua, na watu wakasahau ramani. Reli ikapitishwa kando ya ziwa. Takataka zikamwagwa, mabanda yakajengwa. Mwaka 1869 wabunge wa jimbo hata waliipa kampuni ya reli ardhi iliyo chini ya maji, zaidi ya eka 1,000! Baadaye waliifuta sheria hiyo, kampuni ikabisha, na shauri likafika mahakama iliyo kuu kuliko zote katika Marekani. Mwaka 1892 majaji waliamua kwamba ardhi ya chini ya ziwa serikali imeishika kwa niaba ya watu, na kwa hiyo haiwezi kuigawa kama mali yake.

Katika mji huo alikuwako mfanyabiashara tajiri, jina lake Montgomery Ward, aliyeuza bidhaa kwa njia ya posta. Dirisha la ofisi yake lilielekea ziwani. Mwaka 1890 alikwenda mahakamani, akaifunua ile ramani ya mwaka 1836, akadai mabanda yaondolewe. Alishitaki mara kwa mara kwa miaka 20. Tajiri mwenzake, Marshall Field, alipofariki mwaka 1906 aliacha dola milioni 8 za kujengea nyumba ya makumbusho, na wakubwa wa mji wakataka ijengwe katika uwanja ule. Ward akakataa hata hiyo. Magazeti yalimchukia sana. Lakini mahakama ilisimama na ramani, na makumbusho yakajengwa mahali pengine, upande wa kusini wa uwanja, yakafunguliwa mwaka 1921. Msidhani Ward alikuwa malaika. Dirisha lake mwenyewe lilifaidika na mandhari ya ziwa. Hata hivyo watu wasio na dirisha lolote hutembea kando ya maji yale mpaka leo.

Haya, sasa twende Nairobi, kwa jirani zetu wa Kenya.

Nairobi haina ziwa kama lenu. Lakini katikati ya mji, kando ya barabara kubwa ya Uhuru, ipo bustani iitwayo Uhuru Park. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ina majani, miti na bwawa dogo la kuvutia mashua. Nairobi ni mji ambao wengi wa watu wake huishi katika vyumba vidogo. Siku ya Jumapili baba, mama na watoto huja hapo kukaa juu ya majani bila kulipa. Kwa watu wa Nairobi bustani hiyo ni kama ufuko kwenu.

Mwaka 1989 zilitokea habari kwamba ndani ya bustani hiyo litajengwa jumba la ghorofa 60. Lingekuwa jumba refu kuliko yote katika Afrika. Wenye mradi walikuwa chama kilichotawala, KANU, pamoja na kampuni ya gazeti lake, Kenya Times, na mshirika wao alikuwa tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Ndani yake zingekuwamo ofisi za chama na za gazeti, maduka, kumbi, na nafasi ya kuwekea magari 2,000. Na mbele yake ingesimama sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilitajwa kuwa kama dola milioni 200, na sehemu kubwa ingekuwa fedha za kukopa nje, serikali ikiwa mdhamini. Mdhamini ni nani? Ni yule anayelipa deni mkopaji akishindwa. Kwa hiyo wangelipa wananchi, na bustani yao ingekuwa imekwisha kwenda.

Ni lazima mjue Kenya ya siku zile. Chama kilikuwa kimoja tu kwa sheria tangu mwaka 1982. Kumpinga mkubwa hadharani kulikuwa jambo la hatari. Watu wengi walinung'unika nyumbani, wakafunga mdomo njiani.

Mtu mmoja hakufunga mdomo. Alikuwa Profesa Wangari Maathai, mwanamke aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari, na mwaka 1977 alianzisha chama cha kupanda miti kiitwacho Green Belt Movement. Wengi wa wenzake katika chama hicho walikuwa akina mama wa vijijini wenye kutunza miche, watu kama ninyi.

Alifanya nini? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo somo letu la historia linapokutana na somo letu la kuandika. Aliandika barua.

Mwezi Oktoba 1989 alimwandikia mkurugenzi wa Kenya Times, akauliza kama ni kweli jumba litajengwa katika bustani, akaomba lisijengwe. Akaandika ofisi ya Rais. Akaandika kwa wasimamizi wa mji wa Nairobi, kwa mkuu wa jimbo, kwa waziri wa mazingira. Akaandika kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Akamwandikia hata balozi wa Uingereza, kwa sababu Maxwell alikuwa Mwingereza, akamwuliza kama watu wa London wangekubali jumba la namna ile lijengwe katika Hyde Park, bustani yao kubwa. Nakala za barua zikafika magazetini. Walioandikiwa wengi hawakujibu, lakini wasomaji wa magazeti walijibu! Watu wa kawaida wakaanza nao kuwaandikia wahariri, wakisema nasi hatulitaki jumba hilo.

Basi wakubwa wakakasirika. Mwezi Novemba Bunge liliacha shughuli zake ili limjadili mwanamke huyo mmoja. Wabunge walimcheka, wakawadhihaki wenzake kwamba ni kundi la wanawake walioachwa na waume. Kweli Bi Wangari alikuwa ameachana na mumewe. Lakini talaka ya mtu na jumba la ghorofa 60 vinahusiana nini? Ndugu zangu, mtu akiulizwa habari ya ardhi naye akajibu habari ya ndoa yako, shikilia swali lako. Yeye alilishikilia.

Alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe. Mwezi Desemba shauri lake likatupwa. Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 1989, Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba mwanamke afuataye desturi za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Kisha chama chake cha miti kikaambiwa kihame ofisi ya serikali kilimokuwamo kwa miaka, tena kwa saa 24 tu. Wakabeba makaratasi na mashine za kupigia chapa, wakahamia nyumbani kwake mtaa wa South C.

Mkitazama hali ilivyokuwa mwisho wa mwaka ule, mtasema ameshindwa. Mahakama imemkataa, Bunge limemtukana, ofisi hana, na bustanini seng'enge imekwisha zungushwa.

Lakini barua zilikuwa zinafanya kazi yake polepole. Watu wa nchi za nje waliotazamiwa kutoa fedha walianza kuuliza maswali. Nchi maskini inakopaje fedha nyingi namna hii kwa jumba na sanamu? Mwezi Januari 1990 serikali ilitangaza kwamba jumba litapunguzwa urefu. Baadaye hakuna kilichoendelea. Maxwell alifariki mwezi Novemba 1991. Mwezi Februari 1992 seng'enge iliondolewa, na jumba halikujengwa hata ghorofa moja.

Kama mkiniuliza ni nini hasa kilichozuia jumba lile, sitasema ni barua peke yake. Fedha zilikosekana. Lakini zilikosekana kwa sababu wenye fedha waliogopa kelele, na kelele zilianzia kwenye karatasi. Kama Bi Wangari angengoja mpaka msingi uchimbwe na zege limwagwe, nafikiri angekuwa amechelewa.

Mwezi huohuo wa Februari 1992, akina mama ambao wana wao walifungwa kwa ajili ya siasa walikwenda kukaa katika pembe moja ya bustani ile, wakafunga kula, wakidai wana wao waachiliwe. Bi Wangari alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga kwa virungu, naye akazimia. Pembe hiyo inaitwa Pembe ya Uhuru mpaka leo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, akafariki mwaka 2011. Na tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilipotia sahihi katiba yake mpya, sherehe ilifanyika katika bustani ileile. Kama lingekuwapo jumba na magari 2,000, sijui makutano yale yangesimama wapi.

Sasa turudi Mbaha, na kwa swali letu ubaoni.

Ninyi hamwanzi mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka kwamba Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Mkutano mkuu ni nani? Ni ninyi, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamume na mwanamke. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, ambamo shughuli za kudumu za binadamu zisifanyike. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Najua mtaniambia, Mwalimu, ziwa letu hupanda na kushuka, tuhesabu kutoka wapi? Ni swali zuri, nalo linafaa kuulizwa kwa maandishi, ofisini kwa bwana mazingira wa wilaya.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kesho asubuhi nendeni ziwani wawili wawili. Simameni penye ukingo wa maji, hesabuni hatua 80 kuelekea majumbani, mwandike katika daftari kila mnachokiona ndani ya hatua hizo: mitumbwi mingapi, vichanja vingapi vya usipa, miti mingapi, nyumba ngapi. Andikeni na zenu pia, msifiche. Kisha kila mmoja aandike barua ya mistari mitano kwa Mwenyekiti wa Kijiji, yenye salamu, swali moja tu, tarehe na jina. Pasiwe na tusi wala shutuma. Andikeni nakala mbili, moja mpeleke na moja mbaki nayo.

Wiki ijayo, saa hii hii, mwalimu wa darasa atachagua barua tatu zisomwe kwa sauti, nasi tutatazama kama maswali yake yanaeleweka. Kwaherini.