Ngoma Imepona, Lugha Je?

Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtoto yuko darasani, linamponyoka neno la kwao, basi anavishwa kiatu cha mti shingoni. Atakivua akimnasa mwenzake naye kakosea. Mkenya aliyevaa diski shuleni kwa kusema lugha ya mama anaijua adha hiyo. Ila hapa ni Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, na lugha yenyewe Kibretoni.

Usiku, kazi za shamba zikiisha, wakulima walishikana mikono wakacheza. Hapakuhitajika ala: mmoja anaimba, wa pili anadakia silabi za mwisho na kuurudia mstari. Desturi hiyo ilipofifia, Loeiz Ropars aliifufua miaka ya 1950. Mwaka 2012 UNESCO ikaitambua fest-noz, yaani sherehe ya usiku.

Lugha je? Mnamo 1950 wasemaji walikuwa takriban milioni moja. Uchunguzi wa 2024 ulikuta kama 107,000 tu. Shule za Diwan, zilizoanza 1977, zinafundisha kwa Kibretoni, lakini wanafunzi ni wachache. Vijana wanacheza hasa, jamani, ila wengi hawaelewi wanachoimbiwa. Ngoma peke yake haiokoi lugha. Lazima isemwe nyumbani, na watoto.